Dawa iliyochelewa kutoka mwilini: jibu kwa mama wa Goma kuhusu suksametoniamu

Swali: «Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, ninakaa Himbi, hapa Goma. Mwaka jana nilipasuliwa kidole tumbo usiku, kwa haraka. Upasuaji ulipokwisha sikuweza kupumua mwenyewe, wakanipumulisha kwa muda wa karibu saa tatu. Kuna kipindi nilikuwa ninawasikia wakizungumza juu yangu, lakini sikuweza kufungua jicho wala kusogeza kidole, nikadhani nimekufa. Baadaye muuguzi alimwambia mume wangu kwamba dawa ya kulegeza misuli ‘ilikataa kutoka’, na kwamba inaitwa suksametoniamu. Sasa nimekutwa na miome, yaani uvimbe, katika kizazi na nimeambiwa nipasuliwe tena. Mdogo wangu, tumbo moja na baba mmoja, ana mimba ya miezi saba. Je, dawa hiyo ni sumu? Nikatae upasuaji? Na ndugu zangu wako hatarini?»

Jibu: Mama, pole sana kwa yaliyokupata. Nitakujibu kwa kirefu, lakini mambo matatu yasisubiri mwisho wa maelezo. Usikatae upasuaji wa miome kwa sababu ya dawa hii, kwa kuwa upasuaji huo unaweza kufanyika vizuri bila hata tone moja la suksametoniamu. Ikatae dawa yenyewe, leo na siku zote, mpaka vipimo vionyeshe vingine. Na mdogo wako aambiwe habari hii wiki hii hii, kabla uchungu haujamshika, kwa sababu huenda amerithi jambo lile lile ulilonalo wewe.

Niseme kwanza kuhusu sauti ulizozisikia, kwa sababu ninahisi ndilo jambo linalokuumiza kuliko mengine. Hukuota, wala hukuchanganyikiwa. Suksametoniamu haimlazi mtu usingizi na haiondoi maumivu hata kidogo. Kazi yake ni moja tu, kuondoa nguvu katika misuli inayotii amri ya akili, pamoja na ile ya kupumua. Usingizi unaletwa na dawa nyingine zinazochomwa sekunde chache kabla yake, kama thiopentali, propofoli au ketamini, na usingizi huo, ukiletwa na dozi moja, hudumu dakika chache tu. Kwa kawaida mgonjwa huendelea kulazwa kwa gesi mpaka mwisho wa upasuaji, kisha gesi hufungwa ili aamke. Ikiwa gesi imefungwa huku misuli bado imelegea kabisa, akili huamka ndani ya mwili ambao haujaamka, na hilo ndilo ninaloamini lilikupata. Ni jambo linalojulikana katika kazi yetu na tunafundishwa kulizuia: mtu ambaye misuli yake haijarudi hatakiwi kuachwa macho hata dakika moja, bali aongezewe dawa ya usingizi mpaka apate nguvu zake. Watu waliopitia hali hiyo wanaweza kubaki na hofu ya usiku, ndoto mbaya na woga wa hospitali kwa miezi mingi. Ukiwa na dalili hizo, zitaje waziwazi kwa daktari wako, kwa maana ni madhara halisi ya anestezia, yaani kazi ya kumlaza mgonjwa usingizi au kumtia ganzi, yanatibika, na hayahusiani na uchawi wala udhaifu wa moyo.

Sasa dawa yenyewe. Ujumbe wa neva unapofika kwenye msuli hubebwa na kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hukamata vipokezi juu ya msuli, msuli ukajikunja, kisha kemikali hiyo ikavunjwa papo hapo na msuli ukawa tayari kwa amri nyingine. Suksametoniamu ni molekuli mbili za asetilikolini zilizounganishwa. Kwa hiyo vipokezi huipokea kama mwenyeji, lakini ikishaingia haiondoki haraka, kama ufunguo uliozunguka katika kufuli kisha ukanasa humo: mlango ulifunguka mara moja, na sasa hakuna ufunguo mwingine unaoweza kuingia. Ndiyo maana mgonjwa hutetemeka misuli kidogo kwa sekunde chache, usoni, shingoni na mikononi, halafu mwili wote hulala kimya. Historia yake ni ndefu. Watafiti wawili, Hunt na Taveau, waliichunguza tangu mwaka 1906, lakini wanyama wao walikuwa wamekwisha kupewa kurare, ambayo nayo inalegeza misuli, kwa hiyo kulegea kwa misuli hakukuonekana. Mtafiti mwingine, Daniel Bovet, alieleza nguvu yake hiyo mwaka 1949, ikaanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1951, na mwaka 1957 Bovet alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, kwa kazi iliyohusu pia dawa za namna hii. Hadi sasa imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Utauliza kwa nini dawa yenye matatizo kama haya bado imo. Jibu liko katika usiku ule wa kidole tumbo. Mgonjwa wa tumbo la ghafla huhesabiwa kuwa ana chakula tumboni, hata kama hajala tangu asubuhi, kwa sababu maumivu na ugonjwa husimamisha tumbo. Akilala usingizi kabla mrija haujaingizwa kwenye koo la hewa, yaliyomo tumboni yanaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hilo huua. Anayetoa anestezia anahitaji kumlaza mgonjwa, kulegeza taya na koo, na kuingiza mrija, yote hayo kwa muda usiozidi dakika moja hivi. Suksametoniamu hufanya kazi kati ya sekunde 30 na 60, na kwa watu wengi nguvu huanza kurudi baada ya dakika 5 hadi 10. Mtu mzima hupewa miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Mama wa kilo 60 hupata kati ya miligramu 60 na 90, ambayo haifikii ampuli moja, yaani kichupa kimoja cha dawa, ya miligramu 100. Katika chumba cha upasuaji kilicho na mashine chache na mtu mmoja wa kusaidia, kasi hiyo imeokoa akina mama wengi wa upasuaji wa uzazi na majeruhi wengi wa risasi. Kwa hiyo mwenzangu aliyekupa dawa hiyo usiku ule hakukosea kuichagua. Hakuwa na njia ya kujua kwamba damu yako haiivunji.

Na hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Ufupi wa muda ambao dawa hii hufanya kazi hautokani na dawa yenyewe. Unatokana na kimeng'enya kimoja kinachotengenezwa na ini na kuzunguka katika damu, kiitwacho kolinesterasi ya plazma. Kimeng'enya hicho huishambulia dawa mara tu inapoingia mshipani, kiasi kwamba sehemu ndogo tu ya kile kilichochomwa, takriban asilimia 10, ndiyo inayofika kwenye misuli. Mtu mwenye kimeng'enya hafifu hupata tatizo la aina mbili: dawa nyingi zaidi hufika kwenye misuli, na haina wa kuivunja, hivyo inabaki pale kwa saa nyingi. Figo huitoa polepole, na sehemu yake huvunjika yenyewe, lakini hilo huchukua muda.

Kimeng'enya kinaweza kuwa hafifu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kupatikana: ugonjwa mkubwa wa ini, utapiamlo mkali, mimba na siku za mwanzo baada ya kujifungua, baadhi ya dawa za saratani, na sumu za kuulia wadudu zenye fosforasi ambazo wakulima wetu hupuliza kwenye viazi na mboga, mara nyingi bila glavu wala barakoa. Sababu hizi, isipokuwa sumu ya wadudu, kwa kawaida huongeza dakika kadhaa tu, si saa. Njia ya pili ni ya kurithi. Mtu aliyepokea nakala moja yenye kasoro ya jeni ya kimeng'enya hicho kutoka kwa mzazi mmoja huchelewa kidogo, pengine asijulikane kamwe. Aliyepokea nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, hubaki amelegea kwa saa mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Takwimu zinazotajwa mara nyingi zinatoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, ambako mtu mmoja kati ya 2,000 na 3,000 ana nakala mbili za kasoro iliyo ya kawaida zaidi.

Muda wa saa tatu unanielekeza upande wa kurithi, lakini sitaki kukupa hukumu kabla ya kuona fishi yako ya anestezia, yaani karatasi ambayo dawa ulizopewa ziliandikwa. Iwapo baada ya suksametoniamu ulipewa dawa nyingine ya kulegeza misuli inayodumu zaidi, kama atrakuriamu au vekuroniamu, huenda hiyo ndiyo iliyochelewa. Iwapo ulipewa suksametoniamu mara nyingi mfululizo, misuli inaweza kuingia katika hali nyingine ya kulegea inayochukua muda kuisha hata kwa mtu mwenye kimeng'enya kizuri. Kama siku zile ulikuwa umetoka kupuliza dawa shambani, hiyo pia itabadilisha fikra zetu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hii: mume wako arudi katika hospitali ile, aombe kwa heshima nakala ya fishi ya anestezia ya usiku ule, na aangalie majina ya dawa, viasi na saa zilizoandikwa. Ni haki yako kuipata, na hakuna haja ya kwenda kwa ugomvi.

Kuhusu matibabu ya hali yenyewe, waliokuhudumia walifanya jambo kuu, yaani kukupumulisha bila kuchoka. Hakuna dawa rahisi ya kuiondoa suksametoniamu. Neostigmini, ambayo huondoa dawa nyingine za kulegeza misuli, hapa inaweza kuongeza muda wa kulegea, kwa kuwa inazuia kimeng'enya kile kile kinachotakiwa kufanya kazi. Plazma kutoka kwa mchangiaji ina kimeng'enya hicho, lakini kumtia mtu damu ya mwingine kwa tatizo linaloisha lenyewe si busara, hasa mahali ambapo damu salama ni chache na inahitajika kwa mama anayevuja baada ya kujifungua. Kinachotakiwa ni hewa, usingizi na subira. Hali hii huua pale tu ambapo hakuna wa kupumulisha, au umeme umekatika na hakuna puto la kubana kwa mkono, au mtu ameondoa mrija mapema kwa kuona mgonjwa ametikisa kidole. Ndiyo sababu ninasisitiza kwa vijana wanaotoka ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, na kuanza kazi hii: mgonjwa anainua kichwa na kukishikilia kwa sekunde 5, anashika mkono wako kwa nguvu, na anapumua kwa kina, ndipo mrija unatoka.

Sasa ndugu zako. Kama una nakala mbili zenye kasoro, kila ndugu wa baba na mama wale wale ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa kama wewe. Wanao watatu kila mmoja atakuwa amepokea nakala moja kutoka kwako, na kama baba yao hana kasoro hiyo, basi hawatakuwa na shida kubwa, ingawa bado inafaa daktari wao ajue. Kasoro hii haileti ugonjwa wowote katika maisha ya kila siku. Mtu huishi nayo hadi uzeeni, akalima, akazaa, asijue kwamba anayo, kwa sababu kimeng'enya hiki hakihitajiki sana mpaka siku ile dawa fulani inapoingia mshipani.

Mdogo wako ndiye ninayemwazia zaidi. Mimba hupunguza kimeng'enya hiki kwa takriban robo, na upasuaji wa uzazi wa ghafla ndio mahali ambapo suksametoniamu hutumiwa sana. Akienda kliniki ya wajawazito, aeleze kwamba dada yake alipata kulegea kwa saa tatu baada ya dawa hii, na neno hilo liandikwe juu ya fishi yake, si ndani ya ukurasa wa tano. Akihitaji kupasuliwa, sindano ya mgongo, inayotia ganzi sehemu ya chini ya mwili, ndiyo chaguo la kwanza kwa wajawazito wengi hata wasio na historia kama yenu, na dawa inayotumika humo, bupivakaini, haivunjwi na kimeng'enya hiki, kwa hiyo haina tatizo. Ikiwa sindano ya mgongo haifai, kwa mfano kwa sababu anavuja damu sana, anaweza kulazwa usingizi kwa kutumia rokuroniamu badala ya suksametoniamu. Kwa miligramu 1 hadi 1.2 kwa kilo hufanya kazi karibu kwa kasi ile ile, ila hudumu muda mrefu, mara nyingi karibu saa nzima au kupita, na mtoa anestezia ajiandae kumpumulisha kwa muda huo wote. Kuna dawa iitwayo sugamadeksi inayoweza kuiondoa rokuroniamu kwa dakika chache, lakini bei yake ni kubwa, nami sitaki mgonjwa yeyote aende mezani akitegemea dawa ambayo hospitali haina.

Umeuliza kama ni sumu. Ni dawa yenye hatari zinazojulikana, na hatari hizo hazifanani, kwa hiyo nitazitaja kwa uzito wake. Maumivu ya misuli siku ya pili, kana kwamba mtu amepigwa au amebeba mizigo kutoka bandarini, ni ya kawaida sana, hasa kwa vijana na kwa wale wanaoamka na kutembea mapema, na huisha kwa siku mbili au tatu. Mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla, hasa kwa watoto na hasa dozi ya pili inapotolewa, na kwa hiyo atropini inatakiwa iwe tayari katika sindano. Mzio mkali upo, ni nadra, na dawa za kulegeza misuli zimo kati ya dawa za anestezia zinazousababisha zaidi. Shinikizo la jicho hupanda kwa dakika chache. Hayo yote mtaalamu aliyejiandaa anayamudu.

Hatari ninayoiogopa mimi katika Kivu yetu ni ya potasiamu, nami nitakaa juu yake kidogo ingawa haikukugusa wewe, kwa sababu wasomaji wengine wana jamaa ambao inawahusu. Misuli inapofunguliwa na suksametoniamu humwaga potasiamu katika damu. Kwa mtu mwenye afya kiwango hupanda kwa takriban nusu milimoli kwa lita, na hakuna linaloonekana. Lakini msuli uliopoteza neva yake, uliokaa bila kutumika kwa muda mrefu, au ulioharibiwa na moto, huota vipokezi vipya juu ya uso wake wote, si pale tu neva inapogusa. Dawa ikivifungua vyote kwa pamoja, potasiamu inaweza kupanda kwa milimoli 5 au zaidi ndani ya dakika chache, na moyo ukasimama mezani. Fikiria ni nani hao katika mji wetu. Ni mtoto aliyemwagikiwa maji ya moto au kuanguka juu ya mbabula, ambaye anarudi mara kwa mara kuoshwa na kupandikizwa ngozi. Ni kijana aliyepigwa risasi ya uti wa mgongo na miguu yake haisogei. Ni mzee aliyepooza upande mmoja, mgonjwa wa pepopunda, na mtu aliyelala kitandani wiki nyingi kwa maambukizi makali ya tumbo. Siku ile ile ya ajali ya moto au ya risasi dawa bado inaweza kutumika, na hilo ndilo linalowapotosha watu. Hatari huanza baada ya siku moja hadi tatu, na huendelea kwa miezi. Kwa aliyeungua huchukuliwa kuwa ipo mpaka vidonda vipone kabisa, na wengi wetu tunaiepuka kwa mwaka mzima au zaidi. Mgonjwa aliyeipata dawa hii salama siku ya kwanza anaweza kufa kwa dawa hiyo hiyo wiki ya nne. Kwa hiyo kila mlezi wa mgonjwa wa namna hiyo aseme tarehe ya kuungua au ya kujeruhiwa kwa kila mtoa anestezia mpya, hata kama anadhani imekwisha kuandikwa.

Wavulana wadogo wenye ugonjwa wa kurithi wa misuli, ambao mara nyingi haujajulikana bado katika umri huo, wamewahi kusimama moyo kwa njia hiyo hiyo, na kwa sababu yao dawa hii haitumiwi tena kwa watoto katika upasuaji wa kupangwa. Hubaki kwa dharura ya njia ya hewa. Kwa upande mwingine, watu wengi huamini kwamba mgonjwa wa figo hawezi kuipata kabisa. Si hivyo, ikiwa potasiamu yake ya siku hiyo imepimwa na iko sawa.

Kuna jambo jingine la kurithi ambalo watu hulichanganya na lako, nalo ni joto kali la anestezia. Linatokana na kasoro ndani ya misuli yenyewe, si katika damu. Suksametoniamu au gesi kama halotani, isoflurani na sevoflurani huamsha misuli hiyo ikaanza kuungua kwa kazi isiyo na mwisho: taya linakakamaa, mapigo yanakwenda mbio, hewa chafu inajaa, joto linapanda kupita nyuzi 40. Lilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960 na madaktari Denborough na Lovell, huko Melbourne, baada ya kijana mmoja aliyevunjika mguu kuwaambia kwamba aliogopa dawa ya usingizi kuliko mguu wake, kwa kuwa ndugu zake kumi walikufa kwa anestezia. Waliomsikiliza walimwokoa. Dawa yake ni dantroleni, miligramu 2.5 kwa kilo kwa dozi ya kwanza, na ni ghali kiasi kwamba hospitali nyingi za nchi kama yetu haziwezi kuiweka akiba. Katika barua yako hakuna joto wala kukakamaa, bali kulegea tu, kwa hiyo sioni sababu ya kukuwekea jina hilo. Gesi hizo kwako hazikatazwi.

Niongeze neno juu ya namna dawa hii inavyotunzwa, kwa sababu wakubwa wa hospitali nao husoma. Ampuli ya maji inatakiwa kukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikikaa nje hupoteza nguvu pole pole, na mahali umeme unapokatika usiku na friji ya dawa inashirikiana na chupa za maji ya kunywa, mtu anaweza kuchoma dawa iliyokwisha kudhoofika. Matokeo yake ni taya lisilolegea wakati mgonjwa amekwisha kulala na tumbo limejaa, na mkono unakimbilia dozi ya pili ambayo nimekwisha kusema inashusha moyo. Aina ya unga inavumilia joto vizuri zaidi, na pale inapopatikana ndiyo inayofaa vituo vya mbali na mji. Ampuli pia isilazwe sahani moja na ampuli za dawa nyingine bila kibandiko. Mtu aliyechomwa suksametoniamu kwa makosa akiwa macho anapitia lile ulilolipitia wewe, tena bila mrija.

Turudi kwa miome yako. Huo ni upasuaji wa kupangwa: hutakula kwa muda wa saa 6 kabla, wala kunywa maji safi kwa muda wa saa 2 kabla, tumbo litakuwa tupu, na ile haraka iliyoilazimu suksametoniamu haitakuwepo. Kama miome si makubwa mno, sindano ya mgongo inaweza kutosha, na utakuwa unapumua mwenyewe wakati wote. Najua kwamba kukaa macho chumbani kunaweza kukutisha baada ya yaliyokupata, na una haki ya kuomba dawa ya kutuliza au kusema kwamba unataka kulala kabisa. Ukilala kabisa, atrakuriamu au vekuroniamu zinafaa, kwa kuwa huondoka mwilini kwa njia nyingine. Dawa moja ya jamii hiyo, mivakuriamu, ikataliwe pamoja na suksametoniamu, kwa maana inategemea kimeng'enya kile kile, na vivyo hivyo ganzi za prokaini na kloroprokaini. Lidokaini, ambayo daktari wa meno huitumia, haina neno. Ketamini, propofoli na thiopentali hazina neno pia.

Nenda kumwona mtoa anestezia siku kadhaa kabla, usingoje kumkuta mlangoni pa chumba cha upasuaji asubuhi ya siku yenyewe. Mwulize kama ana kifaa cha kupima neva ili ajue misuli imerudi kiasi gani, na kama hana, atatumia dalili zipi kabla ya kuondoa mrija. Mwulize atahakikisha vipi kwamba hutaamka ukiwa umelegea. Mtu mzuri wa kazi hii hatakasirika kwa maswali hayo, atayaandika.

Kisha tengeneza kadi ndogo ya kukaa pamoja na kitambulisho chako. Iandikwe kwa Kifaransa, kwa sababu fishi zetu zote zinaandikwa kwa lugha hiyo na usiku wa dharura hakuna atakayetafsiri: «Apnée prolongée après suxaméthonium. Ne pas administrer», yaani: alishindwa kupumua kwa muda mrefu baada ya suksametoniamu, asipewe. Chini yake weka mwaka, aina ya upasuaji, muda uliopumulishwa, na namba ya simu ya mume wako. Mdogo wako apate nakala yenye neno «sœur», yaani dada, mbele, na ndugu wengine vivyo hivyo.

Kipimo cha damu kipo. Cha kwanza hupima nguvu ya kimeng'enya, nacho si kigumu kwa maabara iliyojipanga. Cha pili, kilichotokana na kazi ya mtafiti Werner Kalow wa Toronto mwaka 1957, hutumia ganzi iitwayo dibukaini: kimeng'enya cha kawaida huzuiwa nayo kwa takriban asilimia 80, kile chenye kasoro kwa asilimia 20 hivi, na mwenye nakala moja huwa katikati. Kwa kuwa jambo lenyewe ni la kuzaliwa nalo, mwaka uliopita si kitu. Damu ya leo itasema lile lile ambalo ingesema usiku ule. Mwombe daktari wako aulize maabara za hospitali kubwa za Goma, na za hapa Bukavu nilipo mimi, kama zinaweza kukifanya au kupeleka damu yako inakofanyika, na kama mdogo wako yuko tayari, damu yake ichukuliwe baada ya miezi michache tangu ajifungue, wakati mimba haitachanganya matokeo. Ikiwa hakuna mahali pa kupima, kadi inatosha: mtu mwenye historia kama yako hutendewa kana kwamba kipimo kimethibitisha, naye hapotezi chochote kwa kuikosa dawa hii.